Gumzo la kikundi: Wajukuu wa Kibokoni

Mwanaisha: Asalaam alaykum nyote. Nauliza kwa aibu. Mimba ina wiki 12 sasa, na uso wote umenijaa chunusi. Kidevuni, mashavuni, nyengine zina usaha. Harusi ya Nasra ni wiki ijayo. Napaka nini?

Bibi Rukia: Waalaykum salaam mamangu. Huyo ni mtoto wa kike, akuibia uzuri. Saga liwa kwenye kijiwe, tia marashi mawaridi, paka ulale.

Ami Twalib: Bibi, kwa Halima ulisema chunusi ni dalili ya mtoto wa kiume.

Bibi Rukia: Twalib, wewe wafanyani kwenye mambo ya wanawake?

Ami Twalib: Kikundi ni cha ukoo. Mie nasubiri kujua biriani ni ya mbuzi au ya kuku.

Khalati Zuhura: Mwanaisha, usihangaike. Mwanangu wa kiume alipona kwa doksi, vidonge vimebaki. Na nina kopo la krimu, siku saba uso unang'aa kama taa. Ntakuletea kesho.

Saada: Khalati, subiri kidogo. Niko zamu hapa kituo cha afya, ntaandika vipande vipande.

Saada: Mwanaisha, kwanza si uchafu na si husda. Homoni za mimba zinaamsha vile vitezi vya mafuta kwenye ngozi. Ukiongeza joto letu hili la Mombasa, na jasho chini ya buibui, ndiyo hayo.

Saada: Doksisaiklini, hiyo doksi ya Khalati, hapana kabisa. Kuanzia mwezi wa nne hivi hukaa kwenye meno na mifupa ya mtoto, meno yakaja kutoka na rangi ya kahawia. Khalati, hata huyo kijana alipewa yeye, si vya kugawa.

Khalati Zuhura: Haya, navirudisha kabatini.

Mwanaisha: Dada Saada, kuna jambo silali kwa sababu yake. Kabla sijajua nina mimba nilikuwa napaka adapalini usiku, ile tyubu ya chunusi ya mwaka jana. Nilipaka mpaka kama wiki ya sita.

Saada: Umeacha?

Mwanaisha: Siku ile ile niliyopima.

Saada: Na vidonge vya isotretinoini, vya ukoo mmoja na hiyo adapalini, uliwahi kumeza?

Mwanaisha: Kamwe.

Saada: Basi vuta pumzi. Inayotisha ni hiyo ya kumeza. Inaharibu moyo, ubongo, masikio na uso wa mtoto, ndiyo maana mwanamke akiacha kuimeza huambiwa asubiri mwezi mzima kabla ya kushika mimba. Ya kupaka hupenya kidogo sana kwenye ngozi. Twaikataza kwa tahadhari, pamoja na krimu zote za retinoli, ila haina maana kwamba umemdhuru mtoto. Mwambie nesi kliniki aandike kwenye kitabu chako.

Mwanaisha: Nimelia hapa peke yangu. Ahsante dada.

Bibi Rukia: Usilie mwanangu, utavimba macho bure.

Mwanaisha: Sasa nipake nini?

Saada: Asidi ya azelaiki ndiyo ya kwanza kuiulizia kwa kemisti. Ikikosekana, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, kidogo tu, palipo na chunusi. Hiyo hubabua rangi ya kitambaa, usije ukalalia foronya ya maua wala kujifuta kwa leso ya harusi. Zile zenye usaha zisiposikia, daktari anaweza kukuandikia klindamaisini ya kupaka. Ila usitarajie Jumamosi, yataka wiki sita, nane.

Mwanaisha: Wiki nane! Harusi imekwisha, bibi harusi ana mimba yake.

Saada: 😂 Kwa harusi jipambe kidogo, na urudipo uoshe kabla hujalala. Asubuhi na jioni sabuni laini, usisugue. Usiziminye. Mafuta ya nazi ya nywele yasiteremke kwenye paji la uso.

Bibi Rukia: Na liwa?

Saada: Liwa uliyosaga mwenyewe sina ugomvi nayo Bibi, ikiwasha aioshe. Ndimu ndiyo siitaki. Ukipaka ndimu ukatoka juani, ngozi inaungua na kuacha doa.

Mwanaisha: Madoa tayari yameanza mashavuni.

Saada: Hayo ni ya mimba pia, na jua linayakoleza. Krimu ya kukinga jua yenye zinki, na kivuli. Usitumie ya haidrokwinoni, ile dawa ya kung'arisha ngozi. Huingia mwilini kwa kiasi kikubwa.

Khalati Zuhura: Basi krimu yangu ni nzuri, haina hizo. Haina hata maandishi mengi. Yasema tu usiguse dhahabu wala fedha ukishapaka.

Saada: Khalati.

Saada: Rudia hapo. Dhahabu?

Khalati Zuhura: Vua bangili na pete, ndivyo karatasi isemavyo. Nilidhani ni kwa sababu ya mafuta.

Saada: Ni zebaki hiyo. Zebaki hushikana na dhahabu ikaipausha, ndiyo maana watengenezaji wanaonya. Wanajali bangili kuliko figo zako. Kwa mja mzito inapita mpaka kwa mtoto na kugusa ubongo wake. Kenya ilishapiga marufuku vipodozi vya zebaki, lakini vinaingia tu, vinauzwa kwenye meza bila jina la kiwanda.

Khalati Zuhura: Subhanallah. Nimeipaka miezi miwili. Wallahi ilikuwa inang'arisha.

Saada: Ndiyo kazi yake, kuzuia rangi ya ngozi. Acha leo. Funga kopo kwenye mfuko, usilitupe jaani, njoo nalo kituoni upimwe mkojo na figo. Taulo ulilojifutia lisitumiwe na mtu mwengine.

Ami Twalib: Zuhura, ndiyo maana ile pete yako imekuwa nyeupe!

Khalati Zuhura: Twalib nyamaza. Saada, kuna jengine.

Saada: Lipi?

Khalati Zuhura: Nusu nilimgawia jirani wa chini, yule aliyejifungua mwezi wa Ramadhani.

Saada: Anyonyesha?

Khalati Zuhura: Eeh.

Saada: Mpigie sasa hivi.

Khalati Zuhura: Nimepiga, hashiki.

Bibi Rukia: Mwateremka ngazi au mwangoja simu?

Khalati Zuhura: Navaa viatu.