Chuo hapa Tanga mmetuitia taarab, halafu mkatuzuia kumtunza mwimbaji!

Wakuu, salaam. Nimekaa na jambo hili siku tatu nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa.

Kuna chuo kimoja hapa jijini ambacho likizo ndefu hii kimeanzisha muziki wa jioni kwenye uwanja wake wa majani, kila Jumamosi. Wazo zuri sana. Wanafunzi wengi wamekwenda makwao, uwanja uko wazi, kusi linavuma, joto hakuna, unatandika mkeka wako na familia mnasikiliza. Jumamosi za mwanzo ilikuwa bure, na mimi ndiye niliyewapigia debe kutoka Chumbageni mpaka Makorora.

Wiki iliyopita wakatangaza zamu ya taarab: kundi la wazee wa hapahapa mjini, vyombo laivu, kiingilio 5,000. Sikuona tabu kulipa. Mama yangu ana miaka 71, usiku hatoki tena, lakini aliposikia ni taarab ya vyombo akasema, "Mwanangu, hiyo nipeleke." Asubuhi akachenji hela dukani, noti za elfu moja moja na elfu mbili mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga. Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa noti zile ni za nini. Waandaaji inaonekana wanahitaji, basi nitawaambia.

Taarab husikilizi umekunja mikono. Mwimbaji akifika kwenye ubeti uliokugusa unainuka, unakwenda taratibu kwa madaha yako, unamtunza noti mkononi, unarudi kukaa. Hapo umeshasema. Umemwambia mwimbaji "hayo ni yangu", au umempelekea salamu mtu aliyekaa safu ya tatu ambaye hamsemeshani tangu mfungo wa mwaka jana. Mwimbaji naye akiona watu wanamjia anaurudia ule ubeti, fidla inamfuata, wimbo wa dakika saba unakwenda kumi na tano. Anayezuia watu wasitunze ameukata wimbo wenyewe.

Sasa tumefika pale, mbele ya jukwaa pamezungushwa uzio wa mabomba. Ndani ya uzio viti vya VIP vya 30,000, zaidi ya nusu vitupu. Sisi wa 5,000 nyuma kabisa. Tukanyamaza, tukakaa.

Tangazo lilisema saa 12 jioni. Mpaka saa 3 usiku dijei anapiga singeli. Singeli sina ugomvi nayo, vijana ni haki yao, lakini wale wazee walikuwa kwenye benchi nyuma ya jukwaa tangu alasiri, fidla zao mapajani, na sikuona mtu akiwapelekea hata maji. Wakapandishwa saa 4 na nusu. Ndipo fundi mitambo anauliza kuna vyombo vingapi! Fidla mbili, akodiani, gitaa, besi, ngoma, waimbaji watatu, na yeye maiki alizobakiza ni nne. Uwanja uko wazi upande wa bahari, upepo unaingia kwenye maiki moja kwa moja, spika zinavuma kama mashine ya kusaga. Fidla ya pili sikuisikia usiku kucha.

Hata hivyo yule mama mwimbaji wa kundi aliimba. Jamani, aliimba. Wimbo wa pili mama yangu akainuka, akafungua pindo lake, akaenda mpaka kwenye uzio. Baunsa akamwekea mkono mbele: "Bibi, huku hapapitwi." Akamjibu kwa upole, "Mwanangu, nampelekea tunzo mwimbaji." Akaambiwa kuna namba ya kutuma hela kwenye bango, atume kwa simu.

Kwa simu! Na namba ile niliisoma, jina lililotoka si la mwimbaji wala la kundi. Mwenye akili anieleze hela ile ilikuwa inakwenda kwa nani.

Wanawake kama kumi walirudishwa pale pale, na vijana pia. Mwimbaji anawaona wanainuka, anaurudia ubeti kuwasubiri, hawafiki. Saa 5 na robo, wimbo wa nne haujafika nusu, mshereheshaji akachukua maiki akasema muda wao umekwisha. Dijei akarudi. Tunaondoka kutafuta bajaji tunamwacha anapiga.

Na haya yanafanyika Tanga! Mji wa Black Star na Lucky Star, makundi ya taarab yaliyovuma pwani nzima. Taarab ilipoingizwa gitaa la besi na mdundo wa kuchezeka, ilifanywa hapa, miaka ya 60, Mombasa wakaja kuifuata. Shakila Saidi, aliyefariki 2016, sauti yake ilitoka na Black Star hiyo hiyo. Kwenye dansi tulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Halafu chuo kilichojengwa kwenye ardhi ya mji huu kinawaweka wapigaji wetu kuwa kijazio cha ratiba.

Najua jibu litakuwa usalama. Sawa, wekeni uzio. Acheni mlango katikati, simamisheni hao mabaunsa wawili, watu wapite mmoja mmoja. Harusi za mitaani Ngamiani zinafanya hivyo na viti vya kuazima, itawashinda nyinyi wenye ofisi na bajeti? Na wazee waanze saa 1 na nusu, mitambo ijaribiwe mchana, na ile namba iondolewe au iandikwe ya kundi lenyewe.

Jumapili mama alinituma nimtafute yule mwimbaji. Nilimpata, nikamkabidhi 14,000 kama zilivyofungwa. Akaniuliza mama alikuwa amekaa wapi, mbona yeye aliona watu wanainuka lakini hawamfikii, akadhani wameimba vibaya.

Ratiba inaonyesha taarab tena Jumamosi hii. Waandaaji najua mnapita humu mnasoma. Mlango mtauweka au hamtauweka? Jibuni kabla ya Ijumaa, maana mama yangu ananiuliza kama achenji hela.