UDSM miaka mitatu au UDOM miaka minne: dogo athibitishe wapi?

Mnyaturu_01
Wakuu, heshima kwenu. Dogo amechaguliwa vyuo viwili: Sayansi ya Kompyuta UDSM, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (miaka 3), na Uhandisi wa Programu za Kompyuta UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma (miaka 4). Mkopo ameomba, majibu bado. Mzee ni mkulima huku Singida. Dirisha la kuthibitisha linakaribia kufungwa. Aende wapi?

Mhasibu wa Mtaa
Mkuu, wengi hulinganisha ada wakaishia hapo. Vyuo vya umma ada hazipishani sana. Kinachomtesa mwanafunzi ni pa kulala.

Shika bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo. Bodi ya Mikopo inatoa hadi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, siku 60 ni 600,000. Akikosa hosteli Dar, atapanga. Tuseme chumba ni 70,000 kwa mwezi: mwenye nyumba anataka ya miezi sita, 420,000, na dalali anachukua ya mwezi mmoja, 70,000. Zinabaki 110,000 za kula siku 60, yaani kama 1,830 kwa siku, na hapo godoro bado halijanunuliwa. Halafu bumu la kwanza haliingii siku anayoshuka stendi. Chumba kinalipiwa kabla, kwa hela ya mzee.

UDOM hosteli ni nyingi na zimo humo humo chuoni. Kwa familia isiyo na akiba, naiweka mbele kwa sababu hiyo tu.

Bi Sinza
Naongezea. Kompyuta ya UDSM haisomwi Mlimani, kampasi kuu, iko kampasi ya Kijitonyama. Akipangiwa hosteli za Magufuli au Mabibo, bado kuna daladala. Nauli ikiwa 600, kwenda na kurudi 1,200, siku tano ni 6,000 kwa wiki. Ndogo kwa macho, ila inatoka kwenye ile ile 10,000.

Kaka Algorithimu
Jamani, msisahau kozi yenyewe. Sayansi ya Kompyuta inabeba hisabati na nadharia nyingi. Uhandisi wa programu unaegemea usanifu wa mifumo, majaribio, na miradi ya vikundi. Afungue tovuti za vyuo vyote viwili, achukue orodha ya masomo ya kila semesta, ahesabu: ya hisabati mangapi, ya kuandika programu mangapi, mafunzo kwa vitendo yako mwaka wa ngapi. Kijana aliyekimbia hisabati kidato cha sita akaenda kukutana nazo mwaka wa kwanza, huyo ndiye anayebeba masomo na kurudia mwaka. Mwaka wa kurudia ni ghali kuliko chumba chochote cha Dar.

Mhasibu wa Mtaa
Kweli kabisa. Ila mwaka wa nne nao una bei yake. Mfano ada ni 1,300,000 na Bodi ikabeba 800,000: pengo la 500,000 kila mwaka, miaka mitatu ni 1,500,000, minne ni 2,000,000. Na deni la Bodi linaongezeka kwa mwaka huo wa ziada. Akiajiriwa anakatwa 15% ya mshahara. Pengo lisipolipwa, mtihani wa mwisho wa semesta unakuwa shida. Asome pia michango midogo kwenye maelekezo ya kujiunga: bima ya afya 50,400, ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) 20,000. Hizo mkopo wa ada hauzigusi.

Karani wa Udahili
Kuthibitisha: namba ya siri inakuja kwa ujumbe wa simu au barua pepe. Anaingia kwenye akaunti aliyoombea ya chuo anachokitaka, anaiweka humo. Kinachoharibu ni laini ya simu ya mwenye stesheneri iliyotumika kuombea. Namba inaenda kwake, dogo anasubiri hadi dirisha linafungwa. Na asithibitishe kwa nia ya kuhama baadaye. Uhamisho unapita vyuo vyote viwili, TCU na Bodi, na bumu linachelewa.

Mnyaturu_01
Hisabati anazipenda, ila akiba ya chumba Dar hatuna. Singida hadi Dodoma ni kama kilomita 240, hata gunia la mahindi linafika. Tunaelekea UDOM. Swali moja: yumo kwenye kadi ya bima ya mzazi, alipe tena 50,400?

Karani wa Udahili
Hapana. Apeleke kadi pamoja na nakala yake siku ya usajili, aombe aondolewe kwenye orodha ya wanaolipia bima chuoni kabla hajatengeneza kontroli namba ya malipo. Akishalipa, kurudishiwa ni safari ndefu.