Tupeane uzoefu: mtangazaji gani wa habari alikufanya uongeze sauti, na ni kitu gani kilikufanya uzime TV?

Mleta mada
Habari zenu wadau. Hii nimeileta kwasababu ya mzee wangu. Ana miaka mitano sasa haoni, glakoma ilianza jicho la kushoto ikamalizia la kulia, lakini taarifa ya habari ya usiku haijawahi kumpita. Anakaa kwenye kiti chake kilekile, uso kauelekeza kwenye TV, mimi nakaa pembeni yake. Sasa mtangazaji anaanza, "kama mnavyoona hapo kwenye picha", halafu kimya, picha zinapita, mzee ananigeukia, "naona nini?" Namwambia baba ni mafuriko, kuna nyumba limebaki paa tu. "Watu je?" Wapo juu ya paa, wawili. Mpaka nimalize kumueleza wenzetu wameshahamia michezo.

Hapo ndo nikaanza kuwasikiliza watangazaji kwa masikio matupu, na kwakweli wengi hawatangazi, wanasindikiza picha. Ila kuna dada mmoja anasoma wikendi, yeye hasemi mnavyoona, anasema "maji yamefika dirishani". Maneno matatu tu na mzee keshaiona nyumba yote. Tarakimu zikitokea kwenye skrini anazitamka, anayehojiwa anamtaja jina mwanzo na anamtaja tena mwisho, wakati wengine wanaliandika pale chini basi imetoka hiyo. Na akiwa hana uhakika anasema hana uhakika. Mzee akimsikia tu anasema ongeza sauti.

Haya, tupeane uzoefu, nyumbani kwenu habari inafikaje? Vituo msivitaje, twende kwenye jambo lenyewe.

Kona ya Chini
Kwetu ni kinyume chake mkuu. Mama yangu ni kiziwi. Mkalimani wa lugha ya alama wanamuweka kwenye kiboksi pale kona ya chini, kidogo mpaka vidole huvioni vizuri, na lugha ya alama sio mikono peke yake jamani, uso nao unaongea, nyusi zikipanda tu sentensi imeshakuwa swali. Siku za kawaida yupo. Siku ya jambo zito sasa, vipindi vyote vimekatizwa, wako mubashara, ndo anaondolewa, au lile bango jekundu la habari za hivi punde linamfunika kuanzia kifuani. Nilimuona mama anainuka anaenda mpaka kwenye TV anaweka kiganja juu ya lile bango, anafuta kama mtu anayefuta vumbi kwenye kioo. Sijawahi kuusahau ule mkono.

Fundi Sauti
Mimi nilikaa chumba cha kurushia matangazo miaka saba upande wa sauti, kwahiyo niwape ya ndani kidogo.

Yule mnayemuona ametulia ana kisikilizio sikioni na prodyuza anaongea humohumo wakati yeye anasoma: zimebaki sekunde 20, mgeni kakatika, ruka habari ya tatu. Maneno anayosoma yanaakisiwa kwenye kioo kilichowekwa mbele ya lensi ya kamera ndo maana anaonekana anakutazama wewe, kikigoma anahamia kwenye zile karatasi za mezani, zile sio pambo. Na ripota akiulizwa swali akabaki ametoa macho msimhukumu haraka, satelaiti iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, sauti kupanda na kushuka ni kama robo sekunde, jibu nalo linakuja kwa njia hiyohiyo, ongeza na mitambo mingine njiani, anasikia kwa kuchelewa na wewe unamuona kama hajaelewa.

Lakini kuna moja mpaka leo linaniuma. Siku za laivu ndefu neno tulilokuwa tunalirudia sikioni mwa mtangazaji ni "jaza". Taarifa mpya hakuna, kamera inaonyesha jengo lilelile na mlango uleule, na sisi tunamwambia jaza, endelea, usinyamaze. Mtu ukimjazisha dakika 40 hana kitu mkononi lazima ataanza "inawezekana", mara "inasemekana", na ile inasemekana ikishatoka studio haichukui muda watu wanaambiana imethibitishwa. Aliyekuwa akivua kisikilizio anasema nilichonacho ni hiki tu, nikipata kingine nitarudi, alikuwa mmoja. Alikuwa anagombezwa kila siku.

Msafiri
Fundi Sauti, hiyo inasemekana yenu ilifika sebuleni kwetu.

Kaka yangu alikuwa safarini na wenzake. Shemeji alikuwa anakunja nguo, TV iko wazi tu, mara ripota yuko eneo la ajali laivu. Kamera ikasogea mpaka nyuma ya gari, kwenye kioo kuna stika ya samaki wa bluu aliyoibandika mtoto wao. Shemeji hakupiga kelele, aliendelea kulishika lile shati. Halafu ripota akasema inasemekana hakuna aliyenusurika. Hakuna mtu aliyekuwa ametupigia simu, hakuna aliyejua sisi ni nani, tulilia masaa manne, watu wameshaanza kufika nyumbani, kumbe kaka yupo hospitali anapumua. Yupo mpaka leo anatembelea gongo. Kesho yake kituo kikasoma sentensi moja, tunaomba radhi kwa usumbufu. Usumbufu!

Daftari la Zamani
Msafiri pole sana ndugu yangu, na shemeji mpe pole.

Hili la kukimbilia ni la siku nyingi. Usiku wa uchaguzi wa Marekani, 7 Novemba 2000, mitandao mikubwa ya TV kule ilimpa Al Gore jimbo la Florida, wakamnyang'anya, usiku wa manane wakampa George W. Bush na urais juu, kabla hapajakucha wakafuta tena. Mwisho wa yote tofauti pale Florida ilikuwa kura 537. Na Munich tarehe 5 Septemba 1972, polisi wanapanda mapaa wawaokoe mateka wa Israeli kwenye kijiji cha Olimpiki, kamera zinawarusha laivu na kwenye vyumba vya wanamichezo kuna TV, watekaji wanaangalia. Ile operesheni ikabidi isitishwe.

Nikitaka mfano wa kuigwa namkumbuka Walter Cronkite, mtangazaji wa kituo cha CBS cha Marekani, siku alipopigwa risasi rais Kennedy, 22 Novemba 1963. Mwanzoni ilisikika sauti yake tu maana kamera za zamani zilihitaji muda zipate moto. Baada ya kuonekana, habari za kwamba rais amefariki zikaanza kumfikia mezani, na kila akiitoa anasema haijawa rasmi, mpaka uthibitisho ulipoletwa. Akausoma, akavua miwani, akatazama saa. Kile kimya chake kifupi watu wanakikumbuka kuliko maneno mengi.

Mbio
Naelewa wakuu ila TV ikisubiri sana watu wanaenda WhatsApp na huko ndo balaa zaidi. Mimi naomba waseme mapema, hata kama ni kidogo.

Fundi Sauti
Mbio hapo tuko pamoja. Wahi, sema gari limepinduka, taja barabara, sema idadi hatuijui. Hiyo ni habari kamili. Na ile stika ya mtoto kamera haikuwa na sababu ya kuisogelea kabisa. Msafiri, samahani. Sikuwepo siku hiyo lakini kiti nilichokalia mimi ndo hichohicho.

Mleta mada
Nimemsomea mzee zote usiku huu, hakuruka hata moja. Ya mama wa Kona ya Chini aliomba nirudie. Mwishoni akauliza swali moja tu: yule shemeji alikuja kuambiwa na nani kwamba mume wake yuko hai?

Msafiri
Mwambie mzee ni nesi. Alipiga kwa simu yake mwenyewe, saa nne kasoro usiku. Kwanza alimuuliza shemeji majina yote matatu ya kaka, akamsikia anayataja, akamwambia dada subiri, akaenda kulinganisha na ya kitandani. Ndo akarudi akasema.