Kujiandaa kupanda jukwaani kwenye jemu ya bluzi, nikitokea kwenye rumba

Kijana wa Keko:
Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Ninaishi Chicago, na karibu na kwangu kuna klabu ndogo yenye jemu ya bluzi: usiku mmoja kila wiki bendi ya wenyeji hupiga nyimbo chache za kufungulia, kisha huwaachia jukwaa wapigaji waliojiandikisha kwenye karatasi. Mimi ni mpiga gita wa kujifurahisha tu. Nilipokuwa Dar es Salaam nilipiga gita la ridhim kwenye kwaya na, mara chache, katika bendi ya mtaani iliyokuwa ikikopi rumba. Skeli ya pentatoniki (ya noti tano) naifahamu, na vipimo 12 vya bluzi, yaani mzunguko wa vipande 12 vya mapigo manne manne, nimevikariri katika ufunguo wa A, lakini nasikia pale hakuna mazoezi kabisa: kiongozi hutaja ufunguo na wimbo unaanza papo hapo. Naomba mnielekeze nijiandae vipi nisije nikawaharibia wenzangu, na kama nilichokizoea kwenye rumba kitanisaidia au kitanikwamisha.

Nyuzi Sita:
Karibu sana, mdogo wangu. Kukariri katika A pekee hakutoshi, kwa sababu anayechagua ufunguo ni mwimbaji kwa kadiri ya sauti yake, na akiwepo mpiga hamonika naye hutazama hamonika alizokuja nazo. Jifunze kwa namba badala ya majina ya korodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), ukihesabu kutoka noti ya ufunguo, ambayo ndiyo ya kwanza: vipimo vinne vya mwanzo ni korodi ya kwanza, cha 5 na cha 6 ni ya nne, cha 7 na cha 8 unarudi ya kwanza, cha 9 ni ya tano, cha 10 ni ya nne, na viwili vya mwisho vinakurudisha nyumbani na kukuandaa kwa mzunguko unaofuata. Ukishazielewa namba, E7, A7 na B7 za ufunguo wa E, au G7, C7 na D7 za ufunguo wa G, hazitakusumbua.

Kabla ya kuhesabu, kiongozi hutaja aina ya mdundo, ufunguo na mahali pa kuanzia. Akisema mnaanzia kwenye ya tano, maana yake mnaingilia kipimo cha 9, kwa hiyo katika A mtapiga E7, D7, A7, E7, ndipo mwimbaji aanze. Akitaja badiliko la mapema, mnakwenda korodi ya nne katika kipimo cha pili na kurudi katika cha tatu. Kelele zikizidi hutumia vidole: kwa desturi kidole kimoja juu ni G, viwili ni D, vitatu ni A, vinne ni E, na kimoja kikielekezwa chini ni F. Ngumi iliyofumbwa mara nyingi huashiria mwisho au kusimama, basi usipige ukiwa umeinamia gita.

Tahadhari moja: si kila kinachoitwa bluzi hufuata mpangilio huo. “The Thrill Is Gone” kama alivyoirekodi B.B. King mwaka 1969 iko katika B ndogo (B minor), na pale unapotarajia korodi ya tano inatangulia G ndipo ije F shapu. Wimbo usioufahamu, kaa pembeni raundi nzima, yaani mzunguko mmoja kamili, ukisikiliza, hakuna atakayekulaumu.

Besi ya Mwembechai:
Nakubaliana na Kaka Nyuzi Sita, ila mimi nipigaye besi ningeanza na jambo jingine. Katika wimbo wa raundi nane wewe utapewa mbili za solo, pengine moja, na zote zilizobaki utakuwa ukimsindikiza mtu, lakini wageni wengi hufanya mazoezi ya solo peke yake. Mwimbaji akiimba, punguza. Akimaliza mstari ndipo ujibu kwa noti chache. Weka sauti kwenye gita lenyewe kama 6 unaposindikiza ili ubaki na nafasi ya kupanda wakati wa solo, na usiiguse amplifaya ya wenyeji bila kuomba.

Kijana wa Keko:
Nawashukuru sana, kaka zangu. Je, tukiwa wapiga gita wawili au watatu kwa pamoja, mimi nipige nini?

Nyuzi Sita:
Hapo ndipo rumba itakapokusaidia. Mtu aliyewahi kusikiliza magita ya rumba, yaani solo, mi-solo (gita la kati) na ridhim, yakisukana anajua kwamba magita mawili hayapaswi kupiga kitu kimoja mahali pamoja. Mwenzako akishika nyuzi za chini kwa mtindo wa Jimmy Reed, yule mwanabluzi wa Marekani, wewe panda kwenye nyuzi tatu nyembamba, upige korodi fupi fupi kwenye pigo la pili na la nne tu. Wakiwepo wapiga gita watatu, mmoja anyamaze, na ni afadhali awe wewe.

Kitakachokukwamisha ni mambo mawili. La kwanza ni mdundo: kwenye shafo, mdundo wa kuyumba wa bluzi, kila pigo hugawanywa sehemu tatu na ya katikati hunyamaziwa, ilhali mkono wa rumba umezoea mgawanyo ulio sawa. Fanya mazoezi na metronomu taratibu mpaka mkono uzoee. La pili ni sikio. Katika rumba korodi yenye saba (kama A7) huusukuma wimbo kuelekea kwingine, lakini katika bluzi A7 ndiyo nyumbani kwenyewe, wala usiisubiri itulie. Na noti ya C iliyo katika pentatoniki yako ya A, ikipigwa juu ya A7, ivute kidogo kuelekea C shapu bila kuifikisha. Bila huo mvuto utasikika kama mtu anayesoma skeli.

Besi ya Mwembechai:
Nyongeza ndogo. Beba kebo yako, kifaa cha kulinganishia nyuzi na seti ya nyuzi za akiba, na ulinganishe nyuzi kabla ya kupanda, si ukiwa jukwaani. Beba pia kitambulisho, kwani umri wa kunywa pombe Marekani ni miaka 21 na vilabu vingi haviwaingizi walio chini yake. Wiki ya kwanza ningekushauri uende kusikiliza tu, uone kiongozi anatoa ishara gani. Ukiamua kupiga, wahi kujiandikisha, kwa maana majina ya mwisho mara nyingi hayafikiwi.