Kufunga redio mpya kwenye Corolla 110 mwenyewe: hizi nyaya nizielewe vipi?

Mama Nasra wa Chamazi

Habarini wakuu. Nina Corolla 110 ya mwaka 1997, kaka yangu kaniachia alipohamishiwa kazi Dodoma. Gari zima, injini imetulia, tatizo ni redio. Ni ile ile iliyokuja nayo kutoka Japani, FM inaanzia 76 inaishia 90. Clouds 88.5 napata, Wasafi 88.9 napata, EFM 93.7 ndiyo basi tena, namba zinagota kabla ya kufika huko. Sehemu ya kaseti ilishakufa zamani.

Nimenunua redio Kariakoo, ile nyembamba, ina USB na Bluetooth, na uso wake unachomoka. Fundi wa hapa mtaani anataka 40,000, na kasema "plagi ya zamani nakata, naunga moja kwa moja." Pesa ningempa, ila hilo neno nakata halijanikaa. Mimi ni fundi cherehani, najua mkasi ukishapita umepita.

Nataka nifunge mwenyewe. Redio mpya ina nyaya za njano, nyekundu, nyeusi, bluu na chungwa, halafu jozi za nyeupe, kijivu, kijani na zambarau. Gari lina plagi mbili, kubwa na ndogo, na rangi zake ni nyingine kabisa. Zipo zinazofanana, kijani na kijani, kijivu na kijivu. Hizo niunge hivyo hivyo? Halafu tundu la dashibodi ni kubwa, redio inaogelea mle ndani. Na usukani una airbag, naogopa kugusa kitu nikalipukiwa usoni.

Kijana wa Temeke

Dada hiyo kazi ya nusu saa. Njano na nyekundu zisokote pamoja, tafuta waya wowote wenye moto unga hapo. Nyeusi bodi, yaani chuma cha gari. Spika chukua chanya zake tu, hasi zote nne piga bodi. Soltepu, umemaliza, unasikiliza mziki.

Mzee wa Nyaya, Tanga

Mwanangu, simamisha kwanza. Na wewe kijana wa Temeke usinikasirikie, lakini hapo umemwandikia namna ya kuunguza redio ambayo bado ina harufu ya boksi.

Nianze na swali la kijani na kijani, maana hapo ndipo redio nyingi zinapokufa. Rangi za gari na rangi za redio ni lugha mbili. Kijani cha redio ni spika ya nyuma kushoto. Kijani cha Toyota ni moto wa taa za dashibodi. Ukiviunga, redio italia vizuri tu mchana kutwa, halafu magharibi ukiwasha taa unapeleka volti 12 kwenye njia ya spika. Kijivu cha redio ni spika ya mbele kulia, kijivu cha Toyota ni moto wa ACC, ule unaokuja ukizungusha funguo kabla ya kuwasha injini. Bluu ya redio inapeleka moto kwenye antena ya umeme, bluu ya Toyota ni hasi ya spika ya mbele kulia. Kwa hiyo rangi kufanana hapa hakuna maana yoyote.

Zinavyokwenda ni hivi. Njano ya redio inakutana na bluu yenye mstari wa njano ya gari, huo ni moto wa kudumu. Nyekundu inakwenda kwa kijivu. Nyeusi kwa kahawia. Chungwa kwa kijani. Spika za mbele: kushoto, nyeupe kwa waridi, na nyeupe yenye mstari mweusi kwa zambarau. Kulia, kijivu kwa kijani mpauko, na kijivu chenye mstari kwa bluu. Za nyuma: kushoto, kijani kwa nyeusi, na kijani chenye mstari kwa njano. Kulia, zambarau kwa nyekundu, na zambarau yenye mstari kwa nyeupe. Waya wa redio wenye mstari mweusi siku zote ni hasi. Umeona kuna njano na nyekundu za Toyota ambazo ni spika? Ndiyo hatari ninayoisema. Bluu ya redio, kama antena yako ni ya kuvuta kwa mkono, izibe ncha uiache.

Sasa, hata mimi usiniamini moja kwa moja. Gari la 1997 limepita mikono mingi, huwezi kujua nani alichomeka nini. Tafuta malitimita, kile kipimo cha umeme, hata ya bei ndogo. Funguo ukiwa umetoa, bluu yenye mstari wa njano isome volti 12 na kidogo. Kijivu kisome sifuri, halafu kije 12 ukizungusha funguo mpaka ACC. Kijani kiamke ukiwasha taa ndogo. Kwa spika chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusa nyaya mbili za spika kwenye plagi ya gari, mara moja na kuachia. Utasikia "tap" mlangoni, utajua ni ipi. Ukitoa kava la mlango ukaiangalia, ikisukuma nje basi ule uliogusa kichwa cha betri ndiyo chanya. Betri ya tochi nimesema, siyo ya gari.

Plagi ya gari usikate. Nenda Gerezani, ule mtaa wa vipuri hapo Dar, ulizia plagi ya redio ya Toyota, ile pea ya pini 10 na pini 6, ile inayoungana na plagi za gari lako. Unaiunga na nyaya za redio ukiwa mezani kwako nyumbani, umekaa, una mwanga. Kwenye gari unakwenda kuchomeka tu. Siku ukiuza gari unachomoa redio yako unarudisha ya Mjapani. Lehemu kwa risasi kila kiungo, kivishe ule mpira unaosinyaa kwa moto. Soltepu kwa joto la Dar gundi yake inageuka asali, mwaka haujaisha nyaya ziko wazi zinagusana nyuma ya dashibodi, na wewe unashangaa harufu.

Airbag: kabla ya kugusa dashibodi fungua kichwa hasi cha betri, spana namba 10 (utakirudisha wakati wa kupima tu), halafu subiri. Toyota wenyewe wanasema sekunde 90 au zaidi. Wewe chemsha chai kabisa. Plagi za rangi ya njano chini ya usukani usiziguse, wala usizipime na malitimita. Redio iko mbali nazo.

Fremu ya plastiki inayozunguka redio imeshikwa na klipu. Usitumie bisibisi tupu, plastiki ya umri huo inavunjika kama kaukau. Ivute taratibu kuanzia chini, kwa kipande cha mti kilichofungwa kitambaa. Nyuma yake utaona skrubu za mabano ya redio.

Tundu la Toyota lina upana wa milimita 200 na kimo cha 100. Redio yako ni 178 kwa 50. Ulizia fremu ya Toyota yenye kisanduku, inaziba pembeni na inakupa pa kuweka simu chini yake. Mabano ya redio ya zamani yahamishie kwenye hii, na skrubu ziwe fupi. Ndefu inaingia mpaka ndani kwenye saketi.

Halafu niseme kuhusu kuchanganya njano na nyekundu. Njano ndiyo inayobeba moto wa kazi na kumbukumbu, nyekundu inaiambia redio iamke tu. Ukizichanganya kwenye moto wa kudumu, redio haizimiki na funguo, Jumatatu unasukuma gari. Ukizichanganya kwenye ACC, kila ukizima saa inarudi sifuri na stesheni zinafutika. Na hasi za spika usipeleke bodi kamwe. Redio hizi za sasa zinaisukuma spika kwa nyaya zote mbili, ile unayoiita hasi nayo ina moto wake. Ukiigusisha bodi unaua amplifaya ya ndani.

Fyuzi ya nyuma ya redio aghalabu ni ya ampea 10. Ikikatika tafuta sababu, weka ya 10. Yule anayefunga fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya sigara mwogope.

Mkaazi wa Kisauni

Mzee amesema yote. Mie naongeza kwa wasiokuwa na pesa za redio mpya: kuna kile kidude cha kuongeza bendi, hukaa baina ya antena na redio ya Kijapani. Chashusha masafa. Kikishusha 12, stesheni ya 93.7 waikuta kwenye 81.7. Lakini dirisha la redio ni lile lile la 76 hadi 90, kwa hivyo za juu kabisa bado huzipati, na sauti hukwaruza. Huku Mombasa tulivitumia sana. Mama Nasra ushanunua redio, usirudi nyuma.

Na chaja ya simu ya bei rahisi kwenye kiberiti cha gari hula FM. Ukisikia mvumo, ing'oe kwanza kabla hujalaumu antena.

Mama Nasra wa Chamazi

Shikamoo mzee. Redio inalia! EFM naipata safi. Nilipopima, kijani kiliamka na taa kama ulivyosema, nikasisimka mwili, maana hicho ningekiunga na spika.

Mambo mawili yamebaki. Nikikanyaga mafuta kuna mluzi unapanda na injini. Na nyuma mziki umepwaya, besi haipo, ila nikizungusha sauti yote upande mmoja kila spika peke yake iko sawa.

Mzee wa Nyaya, Tanga

Marahaba mwanangu, hongera. La besi ni jepesi: spika moja ya nyuma chanya na hasi zimepishana. Moja inasukuma wakati mwenzake inavuta, zinauana. Geuza nyaya za moja tu, usiguse ya pili.

Mluzi ni bodi. Kahawia ya gari la umri huo huenda imeshika kutu huko mbele. Vuta waya mwingine kutoka nyeusi ya redio, ufunge kwenye bolti ya chuma nyuma ya dashibodi, na hapo kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Waya wa antena na wa USB usizilaze pamoja na za moto. Jaribu hivyo uniambie.

Mama Nasra wa Chamazi

Mluzi umekwisha kabisa. Ya nyuma kulia ndiyo ilikuwa imepishana, nimegeuza, sasa kioo cha nyuma kinatetemeka.

Kijana wa Temeke

Mzee heshima yako. Nina Mark II GX100, redio yangu stesheni zinafutika kila nikizima 😅. Dada hiyo plagi Gerezani wamekuuzia shilingi ngapi?

Mama Nasra wa Chamazi

Elfu tano. Alianza na kumi na tano, nikageuka kuondoka.