Chanjo ikizima oreksini, kemikali ya ubongo inayotuweka macho, ya mtoto mmoja kati ya maelfu: umma uambiwe, na nani alipe?

Mleta mada

Wanajamvi, salaam. Serikali ikihamasisha chanjo, ikaokoa wengi lakini ikamdhuru mtoto mmoja kati ya maelfu, je, watu waambiwe mapema na mtoto huyo alipwe, au jambo limezwe kimya wazazi wasiogope? Mimi nasema waambiwe, na alipwe.

Kisa ninachokisimamia ni cha Ulaya. Mafua ya nguruwe yalipoenea mwaka 2009, nchi kadhaa zilitumia chanjo ya Pandemrix ya kampuni ya GSK, na watu wapatao milioni 30 wakachanjwa. Kufikia Agosti 2010, Finland na Sweden zilikuwa zimeanza kuona watoto na vijana wenye narkolepsia, ugonjwa wa kusinzia ovyo. Mgonjwa anasinzia darasani, anasinzia mezani, na akicheka sana magoti yanalegea anaanguka huku fahamu anazo. Finland ilisitisha chanjo hiyo mwezi huohuo. Hesabu yao ya baadaye ilionyesha takriban mtoto 1 kati ya 16,000 waliochanjwa, wa miaka 4 hadi 19.

Kinachoharibika ni hiki. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi ina seli chache, makumi ya maelfu tu kati ya mabilioni, zinazotengeneza oreksini. Kemikali hii iligunduliwa mwaka 1998. Kundi la watafiti Yanagisawa na Sakurai huko Texas, Marekani, liliona panya waliodungwa oreksini kwenye ubongo wakila zaidi, na miaka miwili haikupita ikajulikana kwamba ndiyo inayotushikilia tukae macho. Mwaka 2000 ubongo wa marehemu waliokuwa na narkolepsia ulipochunguzwa, seli hizo zilikuwa zimepotea karibu zote. Hazioti tena. Dawa zinapunguza makali tu, na watoto wengi huongezeka uzito haraka tangu ugonjwa unapoanza. Huyu ni mtoto aliyechanjwa kwa ajili yetu sote. Tunamwambiaje kwamba hilo ni lake na wazazi wake?

Nesi wa wilayani

Mkuu, nimekusoma kwa makini na sikubaliani nawe kwenye tangazo. Kliniki kwetu mama hasikii "1 kati ya 16,000". Anasikia "chanjo inaharibu ubongo", anambeba mwanawe anaondoka, na surua haimsubiri. Pandemrix haitumiki tena popote, na hizi tunazochanja si hiyo. Halafu umeacha jambo kubwa: Beijing, China, wagonjwa wa narkolepsia waliongezeka baada ya wimbi la mafua yenyewe, na wengi wao hawakuwa wamechanjwa. Huenda kirusi nacho kinaamsha kinga ikashambulia seli hizo kwa watu wenye urithi fulani wa damu. Ukitangaza nusu ya habari unaua watoto.

Mwanasheria mchanga

Mimi nina shaka na fidia. Ushahidi wa namna chanjo ilivyoharibu seli haujakamilika. Kundi la mtafiti Mignot wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilichapisha maelezo mwaka 2013, na mwaka uliofuata likayaondoa lenyewe kwa sababu majaribio yaliporudiwa hayakutoa jibu lilelile. Kanada ilitumia chanjo yenye kichochezi cha kinga kilekile cha Pandemrix, AS03, na haikuona ongezeko la kiwango hicho. Tukilipa bila uthibitisho kamili, kila homa italetwa mahakamani.

Mleta mada

Dada nesi, hoja ya Beijing ni ya kweli na inastahili kutangazwa pamoja na mengine. Lakini waliofichua habari Finland na Sweden walikuwa madaktari na mamlaka za afya zenyewe, si wapinga chanjo. Wangenyamaza, habari ingetoka kwa wapinga chanjo, nao wangeisimulia wanavyotaka.

Wakili, ndiyo maana nataka mfuko wa fidia usiotafuta mkosaji, usiomlazimisha mzazi kushinda kesi dhidi ya kampuni. Sweden ilipitisha sheria mwaka 2016: mwathirika anaweza kulipwa hadi kronor milioni 10. Uingereza mfumo upo, pauni 120,000, ila kwa sharti la ulemavu wa asilimia 60, na serikali ilibishana na familia ya mvulana mmoja hadi Mahakama ya Rufani mwaka 2017, ikashindwa. Na kwetu si jambo geni: mwaka 2021 nchi 92, Tanzania na Kenya zikiwemo, ziliwekewa mfuko wa aina hiyo kwa chanjo za Uviko-19 zilizopitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo hizo. Ulikuwa wa ugonjwa mmoja tu. Kwa nini usiwepo kwa chanjo zote?

Nesi wa wilayani

Mfuko nakubali, hata kesho. Tangazo bado. Niambieni nani atamweleza mama, kwa maneno gani, zahanati ikiwa na nesi mmoja na foleni imefika nje. Mkinipa hilo, nitasimama nanyi.