Seli za kinga kwenye utumbo: zinapigana na nani hasa?

Tumbojoto:
Wakuu, habari za humu. Nina kolaitisi ya vidonda, yaani ugonjwa wa vidonda kwenye utumbo mpana, huu mwaka wa tatu. Juzi majibu ya choo yamerudi: kalprotektini 1,240, na pembeni wameandika kawaida ni chini ya 50. Vile vinyama vilivyokatwa siku ya kamera navyo vimesomeka "nyutrofili ndani ya vishimo vya tezi". Daktari akaniambia tu, "Kinga yako imepanda," akamwita mgonjwa anayefuata. Simlaumu, foleni ilikuwa ndefu.

Sasa shangazi yangu kila siku ananihimiza nile vya kuongeza kinga, na hospitali wanataka kuishusha. Nimsikilize nani? Na kama imepanda kweli, mbona mafua yananikamata kama kawaida?

Hadubini:
Pole mkuu. Mimi si daktari, kazi yangu maabara ni kuandaa slaidi za hivyo vinyama, kwa hiyo nakueleza ninachokiona.

Kalprotektini ni protini iliyojaa ndani ya nyutrofili, chembe nyeupe zinazowahi kufika penye shari. Zikipenya ukuta wa utumbo, inatoka na choo. Ukikuta sahani chafu mia jikoni hujui karamu ilikuwa ya nani, ila unajua wageni walikuwa wengi. Namba yako ndiyo hizo sahani.

Utumbo mpana wenye afya una vishimo vilivyosimama sambamba kama mirija ya maabara kwenye kishikio. Kwa ugonjwa wako, nyutrofili hujazana humo mpaka kishimo kinageuka kijipu. Kwa Crohn, ugonjwa ndugu wa huo wako, wakati mwingine naona vinundu, yaani makrofaji (chembe za kinga zinazomeza vijidudu) zilizokumbatiana, na mchochota, yaani uvimbe unaoletwa na kinga, unaweza kushuka hadi tabaka la nje la utumbo.

Nani kaziita? Hapo ndipo neno "imepanda" linapopotosha. Makrofaji za utumbo wenye afya humeza bakteria kimyakimya, bila kupiga yowe. Ugonjwa ukiamka, zinazoingia kutoka kwenye damu hazitulii. Zinamwaga kemikali za kuchochea, TNF na IL-23, seli T (chembe nyeupe za aina nyingine) zinapandwa na jazba, nyutrofili zinamiminika. Kilichopungua ni breki. Kuna seli T za kutuliza wenzao, na kemikali ya kutuliza iitwayo IL-10. Watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye kipokezi cha IL-10 hupata mchochota mkali wa utumbo wakiwa bado wachanga. Panya wasio na IL-10 nao huugua, lakini ukiwalea pasipo kijidudu chochote, utumbo wao unabaki salama. Basi ugomvi mkubwa ni na bakteria wanaoishi humo siku zote, na ukuta wako unaumia katikati.

Mafua ni habari nyingine, breki ya utumbo haihusiki nayo.

Miaka9NaCrohn:
Hadubini, nifafanulie na mimi. Kabla ya dripu ya kwanza ya infliksimabu walinipima kifua kikuu. Nilikasirika, sikuwa hata na kikohozi!

Hadubini:
Walifanya la maana. Infliksimabu huzuia TNF, na TNF hiyohiyo ndiyo inayoshikilia vinundu vinavyowafungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mapafuni. Ukiiondoa bila kupima, unaweza kuwafungulia geti.

Vedolizumabu hutumia njia nyingine: inazifungia seli T mlango wa kutoka kwenye damu kuingia utumboni, sehemu nyingine za mwili haizigusi sana. Na si kila kemikali ya mchochota ni ya kuzimwa. Walijaribu kuzuia IL-17A kwa wagonjwa wa Crohn, matokeo yakachapishwa 2012: dawa haikusaidia, na baadhi yao wakazidiwa. Kumbe IL-17 ina mkono katika kutunza ukuta wa utumbo. Hilo hunifurahisha mpaka leo, maana kwenye slaidi adui na fundi wanavaa sare moja.

Tumbojoto:
Asante sana. Shangazi nitamwambia breki, nadhani atanielewa, aliwahi kuwa dereva. Narudia kipimo baada ya miezi mitatu. Kuna la kuangalia?

Hadubini:
Ibuprofeni na jamii yake. Zinaweza kupandisha kalprotektini hata ugonjwa ukiwa umetulia, na zenyewe zinaweza kuuamsha. Kama unazimeza kwa maumivu ya mgongo au kichwa, mwambie daktari kabla hujapeleka choo.

Tumbojoto:
Duh. Wiki ile nilikuwa na jino.